Boti zikitoka, gemu inatoka: kisa cha mpwa wangu wa Igombe

Mpwa wangu alinijia nyumbani Nyakato, Mwanza, Jumapili moja ya Juni 2024, laptopu ndani ya begi la shule, bawaba yake imefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. "Shikamoo mjomba." Kabla chai haijamiminwa akaendelea: "Nataka kuwa mtengeneza gemu. Peke yangu, bila kampuni. Nipangie cha kusoma."

Nilikuwa nimejiandaa kuombwa nauli.

Mimi si mtengeneza gemu. Naandika mifumo ya stoo na mahesabu kwa wafanyabiashara wa hapa mjini; programu zangu zinahesabu magunia, hazina risasi wala ndege. Lakini kwenye ukoo wetu mimi ndiye "yule wa kompyuta", basi mzigo ukanifikia. Nikampangia nikiwa na uhakika wote wa mtu mzima, na mpango wangu ukafa siku ya kumi na tisa. Nimekiandika kisa hiki kwa sababu kilichouua si uvivu, na mpango uliofuata ulifanya kazi kwa namna ambayo mimi nisingeibuni nikiwa mezani kwangu.

Alichokuja nacho

Ana miaka 24, kidato cha nne, anaishi Igombe, kando ya ziwa, na mama yake, ambaye ni dada yangu. Dada anaanika na kuuza dagaa. Kijana ndiye karani, mbebaji na msindikizaji wa mzigo hadi mwaloni Kirumba. Laptopu ni ya mtumba, RAM GB 4, diski ni ile ya kuzunguka, betri inakaa dakika 25 ikijitahidi.

Nilimwomba anitajie kila alichojifunza kwa miaka miwili iliyopita. Akatoa kaunta buku. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa lugha ya programu iitwayo C++, ulioishia kwenye pointa, mahali ambapo wengi wetu tulilia. Kisha Blender, programu ya kuunda picha za 3D: alikuwa ametengeneza donati, ile donati ambayo karibu kila anayeanza Blender duniani huitengeneza. (Siku akitokea mtu wa kufundisha Blender kwa kitumbua, nitamfuata.) Kisha Unity, injini ya gemu, yaani programu ya kutengenezea gemu. Aliipakua kwa bando la usiku, vipande vipande, wiki mbili. Ilipofunguka ilichukua dakika kumi na mbili, na feni ikapiga kelele hadi mama yake akauliza kama kuna kitu kinaungua. Septemba 2023 kampuni ya Unity ikatangaza kwamba itaanza kutoza watengeneza gemu ada kwa kila gemu inavyosakinishwa, na kundi la WhatsApp alilokuwamo likawaka moto. Watu wakahama. Yeye akahamia Unreal, injini nyingine, kwa sababu mmoja kwenye kundi alisema ndiyo ya wanaume. Kwenye laptopu ile Unreal haikufunguka hata mara moja. Mwaka uliofuata, Septemba 2024, Unity waliifuta ile ada, lakini bando halirudishwi.

Nikamuuliza, "Umemaliza nini?"

Hakujibu. Alifunua kurasa za nyuma, na hapo ndipo nilipomwelewa. Kurasa kumi na moja za ramani ya Mwanza kwa kalamu ya risasi: stendi ya Buzuruga, kona za Mabatini, mawe ya Bismarck, Capri Point na majumba yake. Mchezaji anaanza akiwa konda, anaiba daladala, anakimbizwa, ananunua nyumba. Imechorwa vizuri mno. Gemu za aina hiyo hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka kadhaa, na kila mmoja wao analipwa mshahara.

Nadhani kosa lake lilikuwa la kishule. Alijitungia mtaala: kwanza programu, kisha 3D, kisha muziki, na gemu ingekuja mwishoni kama cheti. Kwa mtaala wa namna hiyo kila somo lina haki ya kukuzuia usivuke. C++ ikikushinda, hujafika kwenye gemu. Laptopu ikigoma, hujafika. Miaka miwili akawa mwanafunzi mwenye bidii ambaye hajawahi kumpa mtu simu na kumwambia "hebu jaribu hii".

Nilimwuliza pia ni nani anayetaka kufanana naye. Akamtaja Eric Barone, Mmarekani aliyeitengeneza Stardew Valley peke yake, programu, picha na muziki, kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka Februari 2016. Kisa hiki hupendwa sana na hukatwa mkia kila kinaposimuliwa. Barone alikuwa na shahada ya kompyuta, alikuwa na kibarua cha muda kwenye ukumbi wa maonyesho, na mpenzi wake alikuwa na kipato kilichosaidia kulipa kodi ya nyumba. Mtu anayebeba ndoo za dagaa alfajiri anafaa zaidi kumtazama Dong Nguyen wa Vietnam, aliyetoa Flappy Bird mwaka 2013. Ndege mmoja, mabomba, kidole kimoja. Ilimchukua siku chache tu kuitengeneza, ikaenea dunia nzima, na Februari 2014 akaiondoa mwenyewe kwa sababu ilimchosha roho. Simwambii mtu atarajie bahati ile. Natazama ukubwa wa kitu chenyewe: kinaingia kwenye siku chache, na kimekamilika.

Mpango wangu wa kwanza

Sehemu moja ya mpango ule ilikuwa sahihi na sikuibadilisha hadi leo: nilimpa Godot. Ni injini ya gemu iliyoanzishwa na vijana wawili wa Argentina, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na tangu 2014 ni ya wazi, chini ya leseni ya MIT. Hakuna wa kuamka asubuhi akakutoza ada. Faili lake la kupakua wakati ule halikufika MB 100. Halisakinishwi, unalifungua tu. Lugha yake, GDScript, inafanana na Python, lugha nyepesi kuliko C++, na majeraha ya C++ hayakuwa ya bure. Na jambo ambalo mtu wa bando analiheshimu kuliko yote: ukibonyeza F1 ndani yake, marejeo ya amri zote yanafunguka bila intaneti.

Siku ya kwanza ilikataa. Toleo la nne la Godot wakati ule lilitumia Vulkan, njia mpya ya kuzungumza na kadi ya picha, usipoliambia vinginevyo, na kadi ya laptopu ile haiijui Vulkan. Ukianzisha mradi unachagua hali ya utangamano, inayotumia OpenGL, njia ya zamani, na mambo yanakwenda. Dakika tano kwa anayejua. Asiyejua angeandika kwenye kaunta buku "Godot: imeshindikana" na kufunua ukurasa mpya.

Sehemu iliyobaki ya mpango ilikuwa mbovu, nami niliipenda kuliko ile nzuri. Saa kumi kwa wiki, mbilimbili kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Miezi mitatu ya programu kwa gemu ndogondogo, miwili ya kuchora, mmoja wa sauti, kisha mradi mkubwa. Nilimpigia mistari kwa rula.

Wiki ya kwanza alinitumia picha za skrini. Ya pili, picha moja. Ya tatu, "Mjomba nimekwama kidogo, nitakujulisha." Nikasema moyoni, ndiyo wale wale.

Mwanzoni mwa Julai nilikwenda Igombe kwa shughuli ya kifamilia, nikalala huko. Saa kumi na moja alfajiri nikasikia watu wanapita. Nilipotoka nikamkuta mpwa wangu mwaloni, maji magotini, anapokea ndoo kutoka kwenye boti na kuandika idadi kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Ndoo zikapanda, dagaa wakamwagwa kwenye nyavu zilizotandazwa mchangani, wakatandazwa kwa fagio. Kuanzia hapo ni kugeuza, kufukuza ndege, kutazama mawingu, na jioni kukusanya na kufunga. Saa moja usiku, muda ambao kwenye mpango wangu aliandikiwa "vitanzi na orodha", alikuwa amelala ameketi, sahani mapajani.

Asiyekaa kando ya ziwa huenda hajui: dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri, na dagaa huifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu ya kuwavuta, maana ziwa zima lina mwanga. Kwa hiyo siku nane hadi kumi za mbalamwezi boti zinapumzika, nyavu zinashonwa, watu wanalala. Maisha ya mwalo yanafuata mwezi wa angani. Jumatatu na Ijumaa hazina maana huko. Mimi nilimpangia mvulana wa mwalo ratiba ya karani wa benki.

Nilipiga hesabu palepale. Saa kumi kwa wiki ni saa 40 kwa wiki nne. Mbalamwezi ya siku tisa, saa nne au tano kwa siku, ni kama saa 40. Saa zilikuwapo zote. Nilikuwa nimezitandaza mahali zisipokaa.

Mpango wa pili

Huu tuliuandika wote wawili, tumekaa juu ya boti iliyopinduliwa, na sehemu yake bora si yangu. Mwezi mmoja, gemu moja. Siku za mbalamwezi ni za laptopu. Siku za giza laptopu haifunguliwi kabisa. Zina kazi yake ndogo ya simu na kaunta buku: kuchora gemu ijayo, kurekodi sauti, kuandika maneno mapya ya Kiingereza aliyokutana nayo kwenye marejeo, kucheza gemu ndogo ya mtu mwingine na kuhesabu ina vitu vingapi.

Nikauliza, na isipokwisha? Yeye ndiye aliyesema: "Boti zikitoka, gemu inatoka." Jioni boti ya kwanza inapoingia ziwani, gemu inapakiwa kwenye itch.io, tovuti ya kuweka gemu, ilivyo, ikiwa na kilema chake. Pale kuweka gemu ni bure. Tarehe ya mwisho niliyoipanga mimi angeniomba niisogeze. Mwezi hauna wa kumwomba.

Kuhusu neno "kumaliza" nilikuwa mkali. Gemu iliyokwisha ina mahali pa kuanzia, inaweza kushindwa au kushinda, inaonyesha alama, inakuruhusu kurudia bila kuifunga, na inacheza kwenye simu ya mtu asiyekuwapo ilipotengenezwa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotutesa. Kutoa gemu ya Android kwenye Godot kunahitaji OpenJDK 17, vifaa vya Android na violezo vya kutolea, na huo ni mzigo wa kupakua unaozidi injini yenyewe mara nyingi. Aliupakulia kwangu, siku nzima, akiwa amejilaza sebuleni. Ningekuwa na akili ningempa kwenye flashi tangu Juni.

Ndoo

Gemu ya kwanza: dagaa wanaanguka kutoka juu, unasogeza ndoo, ukikosa kumi umekwisha. Mbaya kwa macho. Lakini ilifundisha kitu ambacho nataka nikikalie kidogo.

Alipoileta kwangu ndoo iliruka kama risasi. Kwake ilikuwa inatembea vizuri kabisa. Akadhani kompyuta yangu ina shida. Nikafungua msimbo wake nikakuta ameandika kwamba kila fremu, ndoo isogee pikseli 5. Fremu ni picha moja katika mfululizo wa picha zinazofanya skrini ionekane kama inatembea. Laptopu yake ikijitahidi ilitoa fremu 25 kwa sekunde. Yangu ilitoa 60. Kwake ndoo ilisafiri pikseli 125 kwa sekunde, kwangu 300. Hakuna kompyuta iliyokuwa na shida.

Dawa yake ni neno moja, delta, ambalo Godot inakupa kila fremu: sehemu ya sekunde iliyopita tangu fremu iliyotangulia. Ukisema mwendo ni 200 mara delta, kompyuta ya polepole inapiga hatua chache ndefu, ya kasi inapiga nyingi fupi, na zote zinafika pikseli 200 kwa sekunde. Nilimweleza hivyo, akaniangalia, kisha akasema mwenyewe: "Ni kama kulipwa kwa siku na kulipwa kwa ndoo." Sijapata mfano bora tangu hapo. Video alizotazama miaka miwili zilikuwa zimemwonyesha neno hilo mara nyingi, naye alilinakili kila mara. Hakuwahi kulihitaji, basi halikukaa.

Simu imezima

Ya pili ilikuwa ya usiku: boti, taa, dagaa wanaofuata mwanga, nawe unaogopa upepo. Ilikuwa nzuri. Alikuwa ameanza kuchora vizuri, bluu iliyokolea, nyota mbili tatu, duara la taa linalopungua mafuta yakiisha. Nilijivuna kwa niaba yake.

Saa tisa alasiri akampa simu mvuvi mmoja mwaloni. Yule bwana akaigeuza huku na huku, akaikinga kwa kiganja, akamrudishia. "Mbona simu imezima?"

Gemu nzima ilikuwa giza, na wachezaji wake wote wapo juani. Pale ndipo alipoelewa kwamba mchezaji ana mahali alipo. Ana mkono mmoja wenye magamba ya samaki, kioo cha simu kina ufa, na kidole gumba kinaziba robo ya skrini. Kwenye kaunta buku akaandika sheria tatu ambazo hazimo kwenye mafunzo yoyote niliyoyaona: rangi ya chini iwe mchanga, kitu cha kuguswa kiwe juu ya kidole si chini yake, na herufi zisomeke na mama.

Bao

Ya tatu nilipaswa kumzuia. Alitaka kutengeneza bao, naye alilicheza tangu mdogo, akaona ni rahisi: mashimo 32, kete 64, hakuna fizikia, hakuna kukimbia. Nami nikaona ni sawa.

Bao halina huruma. Mwanzoni kila mchezaji ana kete kumi tu ubaoni, sita kwenye nyumba, lile shimo kuu lake, na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja kila zamu. Kula kuna masharti, kutakata, yaani kucheza bila kula, kuna masharti, na zikiisha za mkononi mchezo unabadilika tabia kabisa. Mbalamwezi ikaisha hajagusa kabisa suala la kompyuta kuwa mpinzani. Jioni boti zilipotoka gemu ikatoka: watu wawili kwenye simu moja, na kanuni nusu.

Akaipeleka kwa wazee wanaokaa na ubao chini ya mti. Hawakumaliza dakika tano. Mmoja akasema, "Mbona nyumba inasafiri yenyewe? Mwenye nyumba hajaulizwa." Ni kweli. Mchezaji akila na kete yake ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake wakati wa kunamua, ana hiari ya kusimama au kusafiri nayo. Yeye alikuwa ameandika kitanzi kinachoendelea tu hadi kikutane na shimo tupu.

Kwa kipimo tulichokubaliana, ile ilikuwa gemu iliyoshindwa. Alinuna siku mbili. Lakini tazama kilichotokea upande wa pili: mashimo 32 yalimlazimu kutumia orodha, na kuzunguka mashimo 16 ya kila mchezaji kukamlazimu kujua kwamba baada ya nafasi ya 15 unarudi 0, basi akajifunza hesabu ya baki. Oktoba ile alijua orodha kuliko vijana wa chuo niliowahi kuwapokea kwa mafunzo ya vitendo. Kwa hiyo leo nikiulizwa kama bao lilikuwa kosa, nasema lilikuwa kosa la mpangilio tu. Lilikuja mapema kwa mbalamwezi tano.

Yangeyange

Novemba akarudi mchangani. Dagaa wameanikwa, yangeyange wanashuka, unawagusa wanaruka. Korongo naye yumo, anatembea taratibu kama mwenyekiti wa mtaa, naye lazima umguse mara tatu. Mawingu yakijaa unatandaza turubai. Basi. Sauti ya ndege aliirekodi mwenyewe kwa simu. Mlio wa kupata alama aliutengeneza kwa sfxr, programu ndogo ya bure ambayo mtengenezaji mmoja aliitoa 2007 kwa ajili ya washiriki wa Ludum Dare, mashindano ya kutengeneza gemu kwa saa 48. Picha za vitufe alizitoa kwa Kenney, Mholanzi anayegawa picha za gemu kwa CC0, maana yake zitumie hata bila kumtaja.

Watoto wa mwalo walianza kumfuata. Mmoja alicheza hadi simu ikazimika, kisha akakimbia kwenda kufukuza yangeyange wa kweli.

Hapo tukavunja kanuni ya mwezi mmoja gemu moja, nami nasisitiza tulikuwa na haki. Mbalamwezi tatu mfululizo, Desemba hadi Februari, alikaa na gemu hiyo hiyo: menyu, kitufe cha kurudi nyuma cha Android, kuhifadhi alama, kuzima sauti, hatua za mvua. Kazi ya kuchosha isiyo na picha ya kuonyesha mtu. Umeme ulikatika akiwa anahifadhi, faili moja likaharibika, akapoteza siku mbili. Tangu siku hiyo ana flashi mbili, na baadaye nikamfundisha Git, chombo cha kutunza kila toleo la msimbo. Ufunguo wa kutia saini programu ameuweka kwenye flashi zote mbili, maana APK, yaani faili la programu ya Android, iliyosainiwa kwa ufunguo mwingine simu haikubali kuiweka juu ya ile ya zamani.

Duka la Google lilitaka dola 25, mara moja kwa maisha ya akaunti, zaidi ya shilingi 60,000 kwa bei ya dola ya wakati ule. Alilipa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa kwenye huduma ya pesa za simu. Gharama haikuwa kikwazo. Kikwazo ni sharti la akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023: kabla ya kuruhusiwa kuchapisha, gemu ijaribiwe na watu wasiopungua idadi fulani waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Tulipokuwa tunapanga walikuwa 20. Desemba 2024 wakapunguza hadi 12. Tukakusanya 12 kamili, ukoo mtupu. Siku ya tisa binamu mmoja akajitoa kwenye majaribio akidhani anafuta tangazo. Hesabu ikarudi mwanzo. Safari ya pili tulichukua 18, pamoja na wavuvi wanne, na nikawaandikia wote kwenye kundi: msibonyeze chochote.

Ilitoka Machi 2025.

Dada yangu na hesabu

Tangu mwanzo dada alikuwa na swali moja. "Kaka, hicho kimchezo kinalipa?" Nilimwahidi kwamba bando halitatoka kwenye hela ya dagaa, na halikutoka, kijana aliuza sado zake mwenyewe na mimi nikatoa mengine.

Jibu la swali lake hadi sasa ni hapana. Waliopakua hawajafika 400. Aliweka matangazo ya AdMob, huduma ya Google, ambayo hulipa salio likifika dola 100, na hajafika karibu. Tulichelewa kuona sababu iliyokuwa machoni petu: wachezaji wake huzima data wanapocheza ili bando lisiishe, na bila data tangazo halipakii. Alimtazama mvuvi mmoja akivuta menyu ya juu ya simu, akizima data, akicheza, ndipo mpwa wangu akacheka. Ningejua ningemshauri aache matangazo kabisa kwa gemu ya kwanza. Yalimla siku sita za mbalamwezi kuyaunganisha.

Kama ningeanza upya leo, ningemnyima pia saa zote za kutazama video kabla ya gemu ya pili. Na ningeanza kwa kuuliza anaamka saa ngapi kabla ya kuuliza anajua lugha gani.

Sasa tunabishana. Anataka kulirudia bao, safari hii la kompyuta, lenye mpinzani wa kweli, aliweke Steam, duka la gemu za kompyuta. Pale ada ni dola 100 kwa kila gemu, inarudi gemu ikishaingiza dola 1,000, na duka linakata asilimia 30 ya mauzo. Mimi naona atoe kwanza bure itch.io aone kama kuna watu wa bao wanaokaa mbele ya kompyuta. Yeye anasema watu wa bao wametawanyika dunia nzima na hawana mahali pa kulichezea vizuri. Ameshaanza kuweka akiba kwenye kopo la maziwa. Huenda yuko sahihi. Mara ya mwisho nilipokuwa na uhakika nilipiga mistari kwa rula.

Juzi alinitumia ujumbe saa kumi na moja alfajiri: boti ya kwanza imeingia na ndoo 14. Chini yake picha ya kaunta buku ikimulikwa kwa tochi. Mashimo 32, nyumba mbili zimezungushiwa wino mwekundu, na pembeni ameandika kwa herufi kubwa: ULIZA MWENYE NYUMBA KWANZA.